Mama Kofia na pikipiki ya wiki tatu

Abiria wa leo, mhasibu, ana haraka, lakini Mama Kofia hana haraka naye.

Amemshikia kofia ngumu mbele ya uso kama mama anayemshikia mtoto kijiko cha dawa. Mhasibu anatazama saa, anatazama barabara, anawatazama madereva wengine waliopanga pikipiki zao mbele ya duka la rangi. Wote wanatabasamu. Mwisho wa mabishano haya wanaujua.

"Dada, nimechelewa. Ni hapo mbele tu."

"Hapo mbele ndipo watu wanapoanguka, kaka. Funga kidevuni."

"Nimetoka kuchana nywele sasa hivi."

"Utazichana tena. Funga."

Mhasibu anafunga. Mama Kofia anapenyeza kidole chini ya mkanda kuhakikisha umebana, kisha anakaa, anawasha, na pikipiki nyekundu inanguruma. Anapoupeleka mkono wa kushoto kwenye klachi anakunja uso kidogo, kiasi ambacho asiyejua habari zake hawezi kukiona.

Bega la upande huo lilivunjika mfupa wa mtulinga. Siku lilipovunjika, pikipiki hii aliyoikalia ilikuwa na wiki tatu tu mikononi mwake.

Ana miaka thelathini na tisa, watoto watatu, na ni mwanamke pekee katika kijiwe hiki cha madereva wa pikipiki. Jina la Mama Kofia alipewa na wenzake kwa kumdhihaki, kwa kuwa alikuwa radhi kumpoteza abiria kuliko kumbeba kichwa wazi.

"Walinicheka mpaka wakachoka wenyewe," anasema. "Siku hizi abiria wakija wanauliza, yule mama wa kofia yuko wapi? Nikaona basi, jina linanilisha, nilikatae kwa nini?"

Kwa miaka sita aliendesha pikipiki ya mtu. Kila jioni, kabla hajanunua hata chumvi ya nyumbani, ilimpasa apeleke hesabu kwa mwenye chombo. Ukitoa hiyo na mafuta, alibaki na karibu theluthi ya alichokusanya. Siku za mvua, anasema, alibaki na matope.

"Mwenye pikipiki hakuwa mtu mbaya. Ila mvua ilikuwa inaninyeshea mimi peke yangu."

Aliweka akiba katika kikundi cha wanawake wa mtaani kwake, lakini bei ya pikipiki nayo haikusimama kumsubiri. Hatimaye mumewe, fundi seremala mwenye karakana ndogo ubavuni mwa nyumba, akafanya jambo ambalo mpaka leo Mama Kofia akilisimulia sauti inamlegea. Aliiuza mashine yake ya kuranda mbao, ile ya umeme, akarudi kwenye randa ya mkono.

"Hakuniuliza. Nilirudi jioni nikakuta meza iko wazi. Nikamwambia, baba, mashine iko wapi? Akasema, imeenda kukuletea pikipiki."

Pikipiki ikaja. Watoto waliizunguka, majirani wakaja kuigusa tangi. Mama mkwe wake peke yake hakuigusa. Alisimama mlangoni, kanga mabegani, akasema kitu ambacho alikuwa akikisema tangu zamani: kwamba mke wa mwanawe angetafuta kazi ya kukaa.

Siku hiyo hiyo mume na mke walibishana juu ya bima. Mume alitaka bima ndogo, ile inayomlipa mtu mwingine ukimsababishia hasara. Sheria inaitaka hiyo tu, na ni nafuu. Mama Kofia alitaka bima kubwa, ambayo inatengeneza na chombo chako mwenyewe.

"Nilimwambia, mashine yako imo ndani ya hii pikipiki. Ikiharibika, imeharibika mara mbili."

Wakala wa bima, msichana aliyeweka meza na mwavuli nje ya duka la pikipiki, akawarahisishia. Walipe nusu papo hapo, na nusu nyingine kabla ya tarehe waliyokubaliana. Tarehe ikipita bila malipo, bima inakufa.

Mama Kofia alihangaika mpaka siku ya mwisho yenyewe. Jioni aliporudi kazini, ile nusu ikiwa imetimia, akaituma kwa simu. Salio likapungua palepale. Ujumbe wa kwamba kampuni imepokea haukuja. Alimpigia wakala, simu haikupatikana. Akajiambia mtandao una matatizo, asubuhi mambo yatakuwa sawa.

Asubuhi ujumbe ulikuwa bado. Akaenda kazini, kwa sababu watoto walikuwa wanataka kula, ujumbe uje usije.

Abiria wake wa siku zote alikuwa amekwisha kufika kijiweni. Ni mshonaji wa nguo, mwanamke mnene mcheshi ambaye kila wiki hubebwa kutoka sokoni na jora la kitambaa mapajani. Walipanda, wakavuka kituo cha mafuta, wakaanza kuteremka ule mteremko mkali unaopita nyuma ya soko.

Mbele yao alikuwapo mtu akisukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Katikati ya mteremko ekseli ya mkokoteni ikakatika. Gurudumu likaenda upande wake, na madumu yakamwagika barabarani, yakibingirika na kugongana, mengine yakipasuka.

Kulia kwao lori lilikuwa linapanda. Kushoto mtaro.

"Nilichagua mtaro," anasema Mama Kofia. "Mtaro hauna matairi."

Hakumbuki vizuri kuanguka. Anakumbuka kimya kilichofuata, maji yakimwingia kwenye kiatu, na sauti ya mshonaji kutoka juu ya lile jora lake, ambalo liliwahi kufika chini kabla yake na kumpokea.

"Mama Kofia! Uko hai?"

"Sijui. Hebu niangalie wewe."

Mshonaji alichubuka goti. Kofia aliyovaa ilikuwa na mkwaruzo mrefu kuanzia kisogoni mpaka juu ya sikio. Ameitundika ukutani kwenye kibanda chake cha kushonea, na wateja wakiuliza ni ya nini huwaambia, "Hivyo ndivyo kichwa changu kingekuwa."

Mama Kofia alipojaribu kuinuka, mkono wa kushoto ulikataa. Akageuza shingo kutafuta pikipiki. Rimu ya mbele ilikuwa imekunjamana kama kopo lililokanyagwa, usukani umeangalia nyuma, taa haipo, na mafuta yanachuruzika kutoka kwenye tangi.

Habari ikafika kijiweni upesi. Wenzake wakaja kwa kishindo na, kama ilivyo kwa watu wenye hasira na uchungu pamoja, wakatafuta wa kumshika. Aliyekuwa karibu ni yule mwenye mkokoteni, mtu mzima ambaye soko zima linamwita Dumu. Alikuwa amesimama katikati ya maji yake mwenyewe, mikono kichwani, mdomo wazi. Dereva mmoja akamkamata ukosi wa shati.

Sauti ikatoka mtaroni. "Mwacheni! Ekseli imekatika, hajaikata yeye!"

Wakamwacha. Dumu naye, badala ya kukimbia kama mtu mwingine angefanya, akashuka mtaroni, akatanguliza bega lake, akamtoa Mama Kofia.

Hospitali walimpiga picha, wakamwambia mtulinga umevunjika, wakamfunga mkono kifuani. Mumewe aliingia wodini na vumbi la mbao nyweleni. Alimkagua kama anavyokagua meza aliyoitengeneza, miguu kwanza, kisha akakaa.

"Baba, pikipiki..."

"Pikipiki ni chuma. Wewe unasikia maumivu?"

"Na bima sijui kama iko hai."

Hapo ndipo mume alipoinamisha kichwa. Mama Kofia anasema kumwona vile kulimuuma kuliko bega.

Mwenyekiti wa kijiwe alikuja mchana, mfuko wa machungwa mkononi. Ni mtu wa kupenda watu, mwenye jibu kwa kila tatizo. Aliposikia habari ya ujumbe usiofika alivuta kiti karibu na kitanda, akashusha sauti.

"Dada yangu, hili ni jambo dogo. Mwambie trafiki umeanguka jana asubuhi. Jana bima ilikuwa hai. Sisi kijiweni wote tutasema jana."

"Mwenyekiti..."

"Nani atajua? Siku moja tu hiyo!"

Mama Kofia anasema alishawishika. Aliifikiria ile meza tupu ya karakana. Alifikiria mume wake akisukuma randa ya mkono mpaka uzeeni kwa ajili ya chuma kilichokunjamana. Neno lenyewe lilikuwa fupi, jana, na kulitamka ni rahisi kuliko kupumua na kifua kilichofungwa vile.

"Mwenyekiti, nimeanguka leo," alijibu mwishowe. "Na yule mshonaji goti lake limechubuka leo. Goti la leo nitalipeleka vipi jana?"

Mwenyekiti akamgeukia mume, akitafuta msaada. Mume akamenya chungwa.

"Kama amesema leo, mwenyekiti, basi ni leo. Ahsante kwa machungwa."

Trafiki alipokuja kuandika maelezo, Mama Kofia alimweleza kama ilivyokuwa: siku, mteremko, madumu, lori, mtaro. Akaulizwa kama anamlaumu mwenye mkokoteni. Akasema hapana.

Wakala wa bima naye akafika, ametoka jasho, akiomba radhi kabla hajavuka mlango. Simu yake ilikuwa imezima jioni ile. Pesa, alieleza, imetoka kwenye simu ya Mama Kofia lakini imekwama njiani, na imeingia kwenye akaunti ya kampuni baada ya ajali. Je, imelipwa siku ilipotumwa au siku ilipofika?

"Mimi najua ninavyoona, mama," alisema. "Lakini wanaoamua ni wakubwa ofisini. Nitakupigania."

Ndipo kipindi cha kungoja kilipoanza. Pikipiki ililetwa nyumbani juu ya kirikuu, gari dogo la mizigo, na kuwekwa karakanani chini ya turubai. Mume alifanya kazi kando yake kutwa, akiizunguka na mbao zake bila kuinua turubai hilo.

"Simu nilikuwa naishika kama kifaranga," anakumbuka Mama Kofia. "Ikilia tu, moyo unaruka. Kumbe ni mtu anauliza, mama wa kofia, uko wapi, nina safari."

Lakini ukimwuliza habari za miezi ile, haanzii kwenye simu. Anaanzia kwa mama mkwe.

Mama huyo alikuja siku ya pili baada ya yeye kutoka hospitali, amebeba beseni, mkeka na mto wake mwenyewe. Mama Kofia alijikaza kitandani akingojea maneno. Alijua ni yapi, alikuwa ameyasikia tangu aolewe.

"Nikamwambia, mama, najua uliniambia. Akasema, kweli nilikuambia. Sasa geuka nikuoshe mgongo."

Akamwosha. Siku zote ambazo mkono ulikuwa umefungwa alimwosha, akamsuka, akamfungia vifungo vya nguo, akawapeleka watoto shule. Pikipiki hakuitaja. Siku moja tu, akimsuka, alisema, "Huyo mwenzio uliyembeba, yule mnene, mzima kabisa?" Akaambiwa mzima. Akasuka mistari kadhaa, kisha akasema, "Basi unajua kuendesha."

Mama Kofia anacheka akilisimulia hilo, na macho yanamlengalenga. "Miaka yote ile nilikuwa nalitafuta neno hilo. Nimelipata mkono ukiwa kwenye kitambaa."

Kitambaa chenyewe nacho kina habari yake. Kile cha hospitali kilikuwa kikimkata shingo. Mshonaji akakata kipande kutoka kwenye jora lilelile lililomwokoa, lenye maua makubwa ya njano, akamshonea kingine laini chenye pamba begani. "Nikawa mgonjwa anayependeza. Watu wanaanza kusifia kitambaa, pole baadaye."

Wenzake wa kijiweni walikubaliana kwamba kila Ijumaa nauli ya abiria wa kwanza wa kila dereva iende nyumbani kwake. Mwenyekiti ndiye aliyeipeleka, na hakuna Ijumaa aliyoikosa.

Kisha Dumu. Alibisha hodi asubuhi moja, kofia mkononi, akasimama uani asijue aweke wapi macho.

"Mama, sina cha kukulipa," alisema. "Nina maji."

Mkokoteni ulikuwa nje, ekseli mpya. Akaingiza madumu mawili, akajaza pipa, akaondoka. Kesho yake akarudi. Mama Kofia alimsihi aache, akamweleza hamdai chochote. Dumu akaitikia kwa heshima zote, na siku iliyofuata akaleta maji.

"Nilipoona hasikii nikanyamaza. Mtu akiamua kukutendea wema, na wewe ukamzuia kila siku, unamchosha mara mbili."

Siku wakala alipokuja na jibu hakupiga simu kwanza. Alitokea tu uani, na mama mkwe alipomwona uso ulivyokuwa mzito kwa jua na mwendo akamwekea kiti kama anavyowekewa mleta habari za msiba. Karakanani randa ilikuwa inakwenda. Haikusimama.

Wakala alikuwa amekwenda kampuni ya simu kuomba uthibitisho wa saa ambayo pesa ilitumwa, akaupeleka ofisini kwao. Akarudishwa. Akaenda tena na mkubwa wake. Mara ya mwisho alikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka walipokubali kumsikiliza.

"Mama," alisema, "wamekubali. Umelipa siku uliyotuma. Pikipiki yako haikulala bila bima hata siku moja."

Mama Kofia hakuelewa mara moja. Mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele. Walipokwenda karakanani kumwambia mume, walimkuta bado anasukuma randa juu ya ubao uleule aliokuwa nao wakala alipoingia. Alikuwa ameuranda mpaka umekuwa mwembamba, haufai tena kwa mlango aliokuwa akiutengeneza.

"Nilisikia kila kitu," alisema. Akaweka randa chini, akalifunua turubai.

Kabla ya kuondoka, wakala aliongeza jambo. Ofisini waliyalinganisha maelezo ya Mama Kofia, ya mshonaji, ya trafiki na ya hospitali, yote yakakubaliana. Yangetofautiana hata kwa siku moja, faili lingefungwa papo hapo. Habari hiyo ilipofika kijiweni, mwenyekiti alijikuna kichwa. "Mimi nina mdomo mzuri," alisema, "lakini siku nyingine nikiufungua mbele ya mgonjwa, nifungeni."

Si kwamba kila kitu kilirudi mahali pake. Bima ilitengeneza pikipiki, baada ya yeye kuchangia kiasi kidogo, lakini haikulipa siku alizokaa bila kazi. Dukani mtaani kwao kuna deni analolipunguza taratibu. Mashine ya kuranda bado haijarudi, ingawa mume ameanza kuuliza bei.

Na hofu nayo ilikuwapo. Siku ya kwanza kurudi barabarani, alipofika juu ya ule mteremko alizima injini, akashuka, akaikokota pikipiki kwa miguu mpaka chini. Siku ya pili vilevile. Madereva wenzake walipita, na katika kundi lile ambalo halikosi la kucheka, hakuna aliyecheka. Wiki nzima ilipita ndipo akateremka akiwa ameikalia, gia ya kwanza, breki mkononi, akizungumza na Mungu kwa sauti.

"Namshukuru Yeye, na nawashukuru watu," anasema. "Nilidhani nina pikipiki tu. Kumbe nina mama, nina mume, nina kijiwe, nina mtu wa kuniletea maji. Nisingeanguka ningewajulia wapi wote hawa?" Anafikiri kidogo. "Lakini sitaki kuanguka tena ili nijue zaidi. Hao wananitosha."

Sasa ana mpango. Anataka kuona wanawake wengine kijiweni, angalau watano, kila mmoja na chombo chake na bima yake iliyolipwa mapema, si siku ya mwisho kama yeye. Mwenyekiti amekubali kuwatengea nafasi. Jumapili mchana, kwenye uwanja mtupu nje ya mji, Mama Kofia anafundisha bila malipo.

Mwanafunzi wa kwanza kujiandikisha ni mshonaji.

"Nimechoka kuanguka nikiwa nyuma," anasema mshonaji, akijiweka sawa kwenye kiti. "Safari hii nikianguka, nianguke nikiwa mbele, nione ninakokwenda."

Anawasha. Injini inazima. Anawasha tena, inazima. Mara ya tatu Mama Kofia anamwekea mkono juu ya mkono wake, wanaiachia klachi pamoja, polepole, na pikipiki inaondoka. Mama Kofia anakimbia kando yake hatua chache, kisha anaachia.

Mshonaji anakwenda. Anazunguka uwanja mara moja, gauni linapepea, anapiga kelele za furaha. Anaanza kuzunguka mara ya pili, na kelele zinabadilika.

"Mama Kofia! Nasimamaje?"

"Breki! Mguu wa kulia!"

"Upi?"

Mama Kofia hawezi kumjibu tena. Anakimbia kumfuata, bega amelishika kwa mkono, na anacheka mpaka pumzi inamwishia.